Mapigo ya moyo kuvurugika baada ya upasuaji: Nani yuko hatarini zaidi?

MGONJWA anapotolewa salama katika chumba cha upasuaji wa moyo, ndugu wanaosubiri nje hushusha pumzi. Kifua kimefungwa, valvu mpya inafanya kazi na daktari amesema mambo yamekwenda vizuri. Kwa wauguzi na madaktari, hata hivyo, kipindi kingine cha uangalizi ndiyo kwanza kinaanza.

Kati ya siku ya pili na ya nne baada ya upasuaji, moyo wa wagonjwa wengi huacha mpangilio wake wa kawaida na kuanza kudunda ovyo, mara haraka, mara kwa kusitasita. Kitaalamu hali hiyo huitwa fibrilesheni ya atria.

Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa huwapata wagonjwa kati ya 20 na 40 katika kila 100 wanaofanyiwa upasuaji wa moyo. Kwa wanaopandikizwa mishipa ya damu ya moyo peke yake idadi huwa ya chini kidogo. Kwa wanaotengenezewa au kubadilishiwa valvu huwa ya juu, na kwa wanaofanyiwa vyote viwili kwa pamoja inaweza kufikia nusu yao.

Wengi hupona. Mapigo hurejea katika hali yake ndani ya saa chache, siku chache au wiki kadhaa. Lakini wapo wanaopata kiharusi, wapo wanaoshindwa kupumua kwa sababu moyo umezidiwa, na wapo wanaoongezewa siku za kulazwa huku wengine wakiendelea kusubiri kitanda hicho hicho.

Kwa sababu hiyo, kwa zaidi ya miaka 20 wataalamu wamekuwa wakitafuta njia ya kujua mapema, kabla kisu hakijagusa kifua, ni mgonjwa yupi mapigo yake yatavurugika na yupi atavuka salama.

Kwa mkazi wa Butimba, wilayani Nyamagana katika Jiji la Mwanza, suala hilo lina uzito wa pekee. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko kilomita chache tu kutoka hapo. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa Kanda ya Ziwa wanaohitaji upasuaji wa kufungua kifua hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara.

Upasuaji huo ulianza kufanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2008, na JKCI ikawa taasisi inayojitegemea mwaka 2015. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walilazimika kupelekwa nje ya nchi, hasa India.

Akiwa wodini, mgonjwa huunganishwa na mashine inayolia mapigo yanapobadilika. Akisharudi nyumbani Butimba hana mashine hiyo. Kilichobaki ni dawa, barua ya hospitali na watu wa nyumbani kwake.

Moyo unavyopoteza mpangilio

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu, vinavyoitwa atria, hupokea damu. Viwili vya chini, ventrikali, huisukuma kwenda mapafuni na mwilini.

Kila pigo huanzia katika sehemu ndogo iliyo kwenye chumba cha juu cha kulia, ambayo hutoa mkondo mdogo wa umeme. Mkondo huo hupita vyumba vya juu, hutua kidogo, kisha hushuka chini. Kwa mtu mzima aliyetulia hilo hutokea kati ya mara 60 na 100 kwa dakika.

Katika fibrilesheni ya atria, sehemu hiyo hupokonywa uongozi. Mikondo mingi ya umeme huzuka kwa wakati mmoja, na vyumba vya juu hutetemeka zaidi ya mara 350 kwa dakika badala ya kubana na kuachia. Vyumba vya chini hupokea baadhi tu ya mikondo hiyo, bila utaratibu, ndiyo maana mapigo yanayosikika mkononi hayana mpangilio.

Chumba kinachotetemeka hakitoi damu yote. Damu inayobaki, hasa katika kijifuko kilichoko kwenye atria ya kushoto, huweza kuganda. Bonge likichomoka na kufika kwenye ubongo, mgonjwa hupata kiharusi.

Kuni na cheche

Sababu za hali hii baada ya upasuaji zinaweza kufananishwa na moto. Moto huhitaji kuni na huhitaji cheche.

Kuni ni hali ya moyo wenyewe kabla ya upasuaji. Umri mkubwa huacha makovu madogo kwenye misuli ya atria. Shinikizo la damu la miaka mingi huunenepesha moyo. Valvu iliyobana au inayovuja hukitanua chumba cha juu. Magonjwa sugu ya mapafu na ya figo nayo huongeza kuni hizo.

Cheche hutoka kwenye upasuaji. Moyo umeshikwa na pengine kukatwa, na mwili hujibu kwa uvimbe. Homoni za mshtuko hupanda, maji na madini ya potasiamu na magnesiamu hubadilika, na damu inayobaki kuuzunguka moyo huuchokoza. Mambo hayo hufikia kilele katika siku chache za mwanzo, ndipo mapigo nayo huvurugika zaidi.

Kwa msingi huo, kutabiri hatari ni kujaribu kupima ukubwa wa rundo la kuni kabla cheche hazijaanguka.

Kikokotoo cha hatari

Neno kikokotoo Watanzania wengi walilizoea katika mjadala wa mafao ya wastaafu. Hospitalini nako kuna vikokotoo: daktari hujumlisha alama za mgonjwa na kupata makadirio ya hatari.

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa 4,657 waliopandikizwa mishipa ya damu ya moyo katika hospitali 70 za nchi 17. Karibu theluthi moja mapigo yao yalivurugika. Umri ulionekana kuwa miongoni mwa vigezo vyenye nguvu kubwa, pamoja na historia ya tatizo hilo, ugonjwa sugu wa mapafu na upasuaji wa valvu uliofanyika kwa wakati mmoja.

Utafiti huo uliibua jambo jingine ambalo familia inaweza kulielewa kwa urahisi. Wagonjwa waliosimamishiwa dawa za kundi la beta bloka baada ya upasuaji walikuwa katika hatari zaidi kuliko walioendelea nazo.

Mwaka 2014 kilitolewa kikokotoo kilichotokana na kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 17,000 wa hospitali tatu za vyuo vikuu vya Ulaya. Hutoa alama moja kwa mwenye umri wa miaka 60 hadi 69, mbili kwa wa miaka 70 hadi 79, na tatu kwa aliyefika miaka 80 au zaidi.

Kisha huongezwa alama moja moja kwa ugonjwa sugu wa mapafu, figo zilizoshindwa kufanya kazi, upasuaji wa dharura, moyo uliohitaji puto la kuusaidia kabla ya upasuaji, moyo wenye nguvu ndogo sana ya kusukuma damu, na upasuaji wowote wa valvu.

Ni chombo rahisi, hakihitaji kompyuta wala kipimo cha gharama. Lakini usahihi wake una mpaka.

Wataalamu hukipima kikokotoo kwa kuchukua wagonjwa wawili wawili, mmoja aliyepata tatizo na mwingine aliyesalimika, kisha kuangalia kama aliyepata ndiye aliyekuwa na alama nyingi. Kurusha sarafu kungepatia mara 50 kati ya 100. Vikokotoo vingi vya tatizo hili hupatia kati ya mara 60 na 70. Ni afadhali kuliko sarafu, lakini si uhakika.

Wagonjwa wawili wa Butimba

Udhaifu mwingine ni mzito zaidi kwa Afrika Mashariki. Unaweza kuonekana kwa mfano wa wagonjwa wawili wa kufikirika, wote wakazi wa Butimba.

Wa kwanza ni mzee wa miaka 72, mstaafu mwenye shinikizo la damu, ambaye mishipa ya damu ya moyo wake imeziba na anakwenda kupandikizwa mingine. Mapafu na figo zake ni nzima. Kwa kikokotoo cha Ulaya anapata alama mbili, zote za umri.

Wa pili ni mama wa miaka 26 mwenye watoto wawili. Alipokuwa mdogo aliugua koo mara kwa mara, bakteria wa koo wakamletea homa ya rumatiki, na homa hiyo ikaacha makovu katika valvu ya mitro, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Sasa valvu imebana na inatakiwa kubadilishwa. Anapata alama moja tu, ya upasuaji wa valvu.

Kwa hesabu hiyo, mama huyo yuko salama kuliko mzee. Moyo wake, hata hivyo, unaweza kueleza habari tofauti. Kwa miaka mingi damu imekuwa ikirundikana nyuma ya valvu iliyobana, na atria ya kushoto imetanuka na kupata makovu kuliko umri wake unavyoonyesha. Kuni zimejaa, ila kikokotoo hakina kisanduku cha kuziandika.

Mgonjwa wa namna yake si wa nadra katika ukanda huu. Utafiti wa kimataifa wa ugonjwa wa moyo wa rumatiki, uliohusisha wagonjwa 3,343 kutoka nchi 12 za Afrika zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemen, ulionyesha kuwa umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 28. Theluthi mbili walikuwa wanawake.

Takribani wagonjwa 22 katika kila 100 kati yao tayari walikuwa na fibrilesheni ya atria. Kwa hao hakuna tena cha kutabiri kuhusu kuanza kwake. Kazi iliyopo ni kulitibu tatizo na kuzuia kiharusi.

Ndiyo kusema kwamba alama ndogo kwa kijana mwenye valvu mbovu isichukuliwe kuwa cheti cha usalama. Kikokotoo kilijengwa kwa wagonjwa ambao wengi wao ni wazee, na umri ndio uliobeba uzito mkubwa wa hesabu yake.

Vipimo vinavyosaidia zaidi vipo. Eko, kipimo cha mawimbi ya sauti, huonyesha upana wa atria ya kushoto na hali ya valvu zote. Kipimo cha umeme wa moyo huonyesha kama mpangilio umeanza kuyumba. Maswali ya kawaida nayo yana thamani: Je, mgonjwa amewahi kusikia moyo ukienda mbio ghafla? Amewahi kuzimia, au kupooza mkono kwa muda kisha akapona?

Majibu hayo yakiandikwa Mwanza na kusafiri na mgonjwa hadi Dar es Salaam, timu ya upasuaji huanza na picha kamili zaidi kuliko alama za kikokotoo peke yake.

Utafiti ulipoishia

Pengo hilo hilo linaonekana katika tafiti za kinga. Mwaka 2021 madaktari wa New York walichapisha matokeo ya wagonjwa 420. Nusu yao walifunguliwa tundu dogo nyuma ya utando unaouzunguka moyo ili damu iliyobaki imwagikie pembeni ya mapafu badala ya kuukandamiza moyo. Waliovurugika mapigo walikuwa 17 kwa kila 100, wakati katika kundi la pili walikuwa 32.

Mwaka 2024 utafiti wa Uingereza na Ujerumani uliohusisha wagonjwa 1,690 uliangalia desturi ya kuwaongezea wagonjwa potasiamu. Ilibainika kuwa kusubiri hadi kiwango kishuke chini ya 3.6 hakukuleta madhara zaidi kuliko kuongeza kila kinaposhuka chini ya 4.5. Kwa hospitali inayohesabu kila chupa ya dawa, hiyo ni habari njema.

Lakini utafiti wa kwanza ulihusu mishipa ya moyo, valvu ya aota na mshipa mkuu, na wa pili ulihusu kupandikiza mishipa ya moyo peke yake. Mama wa mfano wetu, mwenye valvu ya mitro iliyobana, asingeingia katika utafiti wowote kati ya hizo mbili. Daktari wake hulazimika kuyapima matokeo hayo kwa busara kabla ya kuyatumia kwake.

Kikokotoo kinachowafaa wagonjwa wa Afrika Mashariki kinahitaji kumbukumbu za wagonjwa wa Afrika Mashariki. Kila anayefanyiwa upasuaji anatakiwa kuandikiwa umri, aina ya valvu, upana wa atria, mapigo kabla ya upasuaji, dawa alizotumia na siku mapigo yalipobadilika. Kuandika hayo kwa utaratibu ule ule kwa kila mgonjwa kunahitaji nidhamu zaidi ya fedha.

Kinachofanyika baada ya kujua

Utabiri una maana pale tu unapobadilisha huduma. Mgonjwa aliyeonekana kuwa hatarini hukaa kwenye mashine ya mapigo kwa siku nyingi zaidi. Dawa za beta bloka huendelezwa kabla na baada ya upasuaji, isipokuwa pale shinikizo la damu au mapigo yanapokuwa chini mno.

Wengine hupewa amiodaroni kwa muda. Dawa hiyo ina nguvu lakini matumizi ya muda mrefu yanaweza kudhuru tezi ya shingo na mapafu, hivyo si busara kumpa kila mtu. Hapo ndipo utabiri mzuri unapookoa: hatari ya dawa hubebwa na yule tu mwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa.

Mapigo yakivurugika, hatua ya kwanza ni kupunguza mwendo wake na kurekebisha kilichochochea, kama upungufu wa maji, madini, damu au hewa ya oksijeni. Mgonjwa ambaye shinikizo lake linaanguka hushtuliwa kwa umeme akiwa amelazwa usingizi.

Swali linalofuata ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwenye valvu ya chuma hutumia warfarini maisha yake yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye ugonjwa wa rumatiki na fibrilesheni ya atria katika nchi 24, ulionyesha kuwa waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia dawa mpya ya rivaroksabani.

Warfarini hutaka uangalizi. Kipimo cha damu kiitwacho INR huonyesha kama dawa imezidi au imepungua. Ikipungua, damu huganda. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu. Katika utafiti wa nchi 12 za Afrika, India na Yemen uliotajwa awali, ni chini ya theluthi moja ya wagonjwa waliokuwa na kiwango cha INR kinachotakiwa.

Baada ya kurudi nyumbani

Kwa mkazi wa Butimba anayerejea kutoka Dar es Salaam, kinga hiyo yote huishia katika mambo machache yasiyo na gharama kubwa.

La kwanza ni kupima mapigo kila siku. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, huwekwa kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, na mapigo huhesabiwa kwa dakika nzima mgonjwa akiwa ametulia. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kumpimia bibi yake. Kinachotafutwa ni mambo mawili: idadi na mpangilio. Mapigo yanayozidi 100 kwa utulivu, au yanayokuja bila mpangilio, yapelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni kutosimamisha dawa kwa sababu mtu anajisikia vizuri au zimekwisha kabla ya siku ya kliniki. Zinapobaki za siku chache, ndipo wakati wa kufuatilia nyingine.

La tatu ni tahadhari na vitu vinavyogongana na warfarini. Mboga za majani kama mchicha na matembele hazikatazwi, bali ziliwe kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazopatikana kwa urahisi madukani, zinaweza kusababisha kuvuja damu. Dawa za mitishamba nazo zitajwe kwa daktari bila woga.

La nne linawahusu wanawake walio katika umri wa kuzaa. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na kuiacha ghafla kunaweza kuziba valvu ya chuma na kumuua mama. Ujauzito upangwe pamoja na daktari kabla haujaingia, si baada.

La tano ni kutambua dalili za dharura: mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, maneno kutoka kwa shida, kifua kubana au kuzimia. Hizo si dalili za kusubiri asubuhi.

Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana iko Butimba penyewe, na Bugando haiko mbali. Barua ya upasuaji ikae mahali ambapo kila mwanafamilia anapajua, ikionyesha aina ya valvu, dawa na kiwango cha INR alichopangiwa mgonjwa. Mhudumu atakayempokea usiku atahitaji karatasi hiyo kabla ya maelezo mengine yoyote.

Upo pia mlango wa kuufunga mapema zaidi. Mtoto mwenye mafindofindo yanayosababishwa na bakteria akitibiwa kwa penisilini, hatari ya homa ya rumatiki hupungua sana. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 2021 uliwafuatilia watoto na vijana 818 waliokuwa na dalili za awali za ugonjwa huo kwenye eko. Kati ya waliochomwa sindano ya penisilini kila mwezi, chini ya mmoja kwa 100 ugonjwa uliendelea ndani ya miaka miwili. Kwa wasiochomwa, walikuwa wanane kwa 100.

Vikokotoo vitaendelea kuboreshwa, na huenda siku moja kikapatikana kinachomsoma mama wa miaka 26 kwa usahihi ule ule kinaomsoma nao mzee wa miaka 72. Hadi hapo, kwa kijana mwenye valvu iliyoharibika, eko nzuri kabla ya safari na vidole viwili mkononi baada ya kurudi vina thamani kubwa kuliko alama ndogo iliyoandikwa kwenye faili lake.